Nyumba Endelevu Jangwani: Maneno ya Dalali na Vipimo vya Sayansi

Utangulizi

Kusini-magharibi mwa Marekani, katika jimbo la Arizona, kuna jangwa liitwalo Sonora. Humo umejengwa mji wa Phoenix, ambao hupata mvua isiyofikia milimita 200 kwa mwaka, na ambao wastani wa joto la mchana katika mwezi wa Julai hupita nyuzi 41 za Selsiasi. Mtu angetazamia kwamba mahali pa namna hiyo wakae watu wachache tu. Kinyume chake, mwaka 1950 mji huo ulikuwa na watu wapatao 107,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta watu zaidi ya 1,600,000, bila kuhesabu miji mingine iliyoshikana nao.

Watu hao hawakuvutwa na mito wala mashamba peke yake. Wengi wao waliuziwa jangwa. Tarehe 1 Januari, 1960, mjenzi Del Webb alifungua mtaa wa wastaafu ulioitwa Sun City, na kwa siku chache za kwanza watu wapatao 100,000 walikwenda kuzitazama nyumba za mfano. Kilichouzwa siku hizo kilikuwa jua la mwaka mzima, viwanja vya gofu, na kiyoyozi cha kulishinda joto. Siku hizi madalali wa nyumba wa Arizona wameongeza neno jingine katika matangazo yao. Wanasema kwamba nyumba ni endelevu: ina mabamba ya kunasa nguvu za jua, ina kuta za udongo zinazopoza, ina tangi la kukinga mvua, na bustani yake ni ya mimea isiyohitaji maji mengi.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Swali hili si la anasa. Katika mwaka 2023 pekee, wilaya ya Maricopa, ambamo mji wa Phoenix umo, iliandikisha vifo 645 vilivyohusiana na joto. Katika mahali kama hapo nyumba ni kinga ya uhai, na anayeinunua kwa kudanganyika huenda akapoteza zaidi ya fedha zake.

Makala hii inakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kila sifa ya nyumba inayotajwa na dalali inaweza kugeuzwa kuwa kiasi kinachopimika, na mara nyingi hesabu inayohitajika haizidi ile inayofundishwa katika shule za sekondari. Pili, sifa iliyo kubwa kuliko zote, yaani maji, haionekani kabisa ndani ya nyumba, hata mnunuzi akiikagua chumba kwa chumba.

Joto huingiaje nyumbani?

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba joto husafiri kwa njia tatu. Hupita ndani ya kitu kigumu, kama linavyopanda katika mpini wa kijiko kilichotiwa ndani ya chai. Huchukuliwa na hewa au kimiminika kinachosogea. Na husafiri kwa mnunurisho, kama linavyotufikia kutoka katika jua bila kuhitaji kitu cha kulibeba. Nyumba ya jangwani hushambuliwa kwa njia zote tatu, lakini chanzo kikubwa ni mnunurisho wa jua.

Adhuhuri ya siku isiyo na mawingu, kila mita ya mraba inayolielekea jua hupokea nguvu ya wati 1,000 hivi. Tuchukue mfano wa paa bapa lenye eneo la mita za mraba 150. Paa hilo hupokea wati 150,000, yaani kilowati 150. Likiwa limepakwa rangi nyeusi hufyonza kiasi cha sehemu tisa katika kumi, yaani kilowati 135. Likiwa limepakwa rangi nyeupe iliyo safi hurudisha angani kiasi cha sehemu saba katika kumi, na kufyonza kilowati 45 tu. Si joto lote lililofyonzwa linaloingia ndani, kwa kuwa sehemu yake hurudi angani na nyingine huchukuliwa na upepo. Hata hivyo ni dhahiri kwamba ndoo chache za rangi nyeupe hufanya kazi ambayo mashine ya kupoza ingeifanya kwa gharama kubwa.

Baada ya paa huja madirisha, na hapa jiografia inaingia. Phoenix iko katika latitudo ya digrii 33.4 Kaskazini. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri husimama juu sana, digrii 80 kutoka upeo wa macho. Mwezi wa Desemba husimama digrii 33 tu. Mwezi wowote lile jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Kwa hiyo upenu mfupi juu ya dirisha la kusini huzuia jua la kiangazi, ambalo hutoka juu, na huliruhusu jua la baridi, ambalo huingia kwa mshazari na kukipasha chumba moto kinapohitaji. Dirisha la magharibi halina bahati hiyo. Jua la alasiri huja chini kwa chini, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Dawa yake ni mti, baraza, au ukuta usio na dirisha kubwa. Mnunuzi mwenye dira mkononi hujua ukweli wa nyumba kwa dakika moja, hata kabla dalali hajaanza kuisifu.

Ukuta mnene na kasoro yake

Si mbali na Phoenix kuna magofu yaitwayo Casa Grande. Ni jengo la orofa nne lililosimamishwa katika karne ya 14 na watu wa kale wa bonde hilo, ambao pia walichimba mifereji mirefu ya kumwagilia mashamba. Kuta zake za udongo, chini kabisa, zina unene uzidio mita 1. Madalali wa leo hupenda kutaja hekima ya aina hii wanapouza nyumba za matofali mabichi. Basi tuichunguze.

Tuchukue mita moja ya mraba ya ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30. Mjao wake ni mita za ujazo 0.3. Ikiwa mita moja ya ujazo ya udongo huo ina uzito wa kilogramu 1,700, kipande chetu kina kilogramu 510. Kila kilogramu huhitaji kiasi cha jouli 900 ili joto lake lipande kwa digrii moja. Kwa hiyo kipande hicho kikipanda kwa digrii tano tu, huwa kimemeza jouli 2,300,000 hivi, yaani joto linalotolewa na pasi ndogo ya umeme ya wati 640 iliyowashwa kwa saa nzima. Ukuta wenye mita za mraba 40 humeza mara 40 ya hapo. Tena joto hilo hutembea polepole sana. Lililoingia upande wa nje saa nane mchana huchukua muda wa saa nane hadi kumi kufika upande wa ndani, yaani hutokea kati ya saa nne na saa sita usiku. Wakati huo hewa ya jangwani imekwisha poa, madirisha hufunguliwa, na joto hutolewa nje.

Lakini mpango huu wote unategemea sharti moja: usiku uwe baridi. Mwezi wa Julai, 2023, joto la mchana katika Phoenix lilifika nyuzi 43.3 au zaidi kwa siku 31 mfululizo, kuanzia tarehe 30 Juni. Na kwa siku 16 mfululizo joto halikushuka chini ya nyuzi 32 hata alfajiri. Sababu moja ni kwamba mji wenyewe umekuwa kama ukuta mnene. Lami na saruji humeza joto mchana na kulitema usiku. Katika usiku wa namna hiyo ukuta wa udongo haupati mahali pa kuutua mzigo wake, na huutua ndani, juu ya waliolala.

Hapa kuna mkanganyo ambao walimu wangefanya vyema kuusahihisha. Uwezo wa kuhifadhi joto si sawa na uwezo wa kulizuia. Ukuta wetu wa sentimita 30, ambao udongo wake hupitisha joto kwa kiwango cha 0.6, una ukinzani wa 0.3 kugawanya kwa 0.6, yaani 0.5. Tabaka la sufi ya kioo lenye unene wa sentimita 10 tu, ambalo hupitisha kwa kiwango cha 0.04, lina ukinzani wa 2.5. Yaani sufi nyembamba huzuia joto mara tano kuliko udongo mnene. Nyumba iliyo bora katika jangwa la leo ni ile yenye vyote viwili kwa mpango wake: kizuizi upande wa nje kikilikinga jua, na udongo au matofali upande wa ndani yakihifadhi ubaridi. Baadhi ya nyumba za mtaa wa Civano, uliojengwa mjini Tucson kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwa mfano wa makazi ya jangwani, zilitumia marobota ya majani makavu yaliyopigwa lipu, kwa kuwa majani hayo yamejaa hewa tuli, nayo hewa tuli ni kizuizi kizuri cha joto.

Kwa hiyo dalali akisema, "Ukuta huu ni mnene," amesema nusu ya habari. Aulizwe kizuizi cha joto kiko wapi.

Kupoza kwa umeme au kwa maji

Kabla kiyoyozi cha umeme hakijaenea, nyumba nyingi za Arizona zilipozwa kwa mashine nyepesi inayopuliza hewa kavu kupitia pedi zilizolowa maji. Kanuni yake ni ile ile ya mtungi wa udongo unaopoza maji ya kunywa. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika vitu vilivyo karibu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika joto la kawaida huchukua jouli 2,430,000 hivi. Mashine inayovukiza lita 20 kwa saa huondoa joto kwa kiwango cha kilowati 13.5, huku feni na pampu yake zikitumia umeme kidogo sana.

Dalali akiisifu mashine hiyo kwamba huokoa umeme, amesema kweli. Asichokisema ni kwamba ikifanya kazi kwa saa kumi imekunywa lita 200 za maji. Tena kuanzia Julai hadi Septemba, pepo zenye unyevu zinapoingia jangwani, hewa haipokei mvuke kwa urahisi, na mashine hushindwa kazi wakati inapohitajiwa sana.

Je, kiyoyozi cha umeme hakinywi maji? Hakinywi nyumbani, lakini mitambo mingi inayokilisha hunywa. Magharibi ya Phoenix kuna kituo cha nguvu za nyuklia cha Palo Verde, chenye tanuri tatu. Kwa kuwa hakuna bahari, ziwa wala mto mkubwa karibu, kituo hicho hupozwa kwa maji taka ya miji yaliyosafishwa. Jambo hili linatufundisha kwamba jangwani nishati na maji ni ndugu wa tumbo moja. Ukiokoa kimoja bila kukitazama kingine, huenda umehamisha deni tu. Mabamba ya jua yaliyoko paani yana sifa ya pekee hapa, kwa kuwa hutoa umeme bila kuvukiza maji, na hutoa mwingi zaidi mchana, wakati kiyoyozi kinapofanya kazi.

Hesabu ya mvua na ya mfereji

Sasa tulitazame tangi la mvua ambalo dalali hulionyesha kwa fahari. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Tucson hupata kiasi cha milimita 270 kwa mwaka. Paa letu la mita za mraba 150 hupokea lita 40,500. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa yale yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 32,400.

Tuseme kaya ya watu wanne hutumia lita 300 kwa kila mtu kwa siku, bustani ikiwemo. Kwa mwaka ni lita 438,000. Mvua ya paa inatosheleza asilimia 7 tu. Kaya hiyo ikijibana hadi lita 100 kwa kila mtu, mvua itatosheleza asilimia 22. Tangi, basi, ni jambo jema kwa miti na bustani, lakini halimfanyi mtu awe huru na bomba. Faida zaidi hupatikana kwa kuyatumia maji mara mbili. Mwaka 2008 halmashauri ya mji wa Tucson ilipitisha agizo kwamba nyumba mpya, kuanzia mwaka 2010, ziwekewe mabomba ya kuwezesha maji ya kuogea na kufulia yapelekwe bustanini.

Maji mengine hutoka wapi? Sehemu kubwa huvutwa kutoka Mto Colorado kwa mfereji wa urefu wa kilometa 540 hivi, uliofika Phoenix mwaka 1985 na Tucson mwaka 1992. Njiani maji hupandishwa kwa pampu jumla ya kimo kinachozidi mita 850. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe: mita moja ya ujazo ina kilogramu 1,000, kuzipandisha mita 850 huhitaji jouli 8,330,000, yaani uniti 2.3 za umeme, bila kuhesabu nguvu zinazopotea katika pampu. Kaya yetu ya lita 438,000 huhitaji basi uniti zipatazo 1,000 kwa mwaka ili maji yayafikie mabomba yake mjini Tucson. Uniti hizo hazionekani katika ankara ya umeme ya nyumba hiyo, wala katika tangazo la dalali.

Mto wenyewe nao umepungua. Mwezi wa Agosti, 2021, serikali ya Marekani ilitangaza kwa mara ya kwanza kwamba mto huo una upungufu, na mwaka 2022 Arizona ilipunguziwa kiasi cha asilimia 18 ya fungu lake.

Sheria ya miaka 100 na mlango wa nyuma

Arizona haikulala. Mwaka 1980, chini ya Gavana Bruce Babbitt, jimbo hilo lilitunga sheria ya kusimamia maji ya ardhini. Katika maeneo yaliyowekwa chini ya usimamizi huo, mwenye kugawa ardhi ili kujenga mtaa mpya hana budi kuthibitisha kwamba maji yapo ya kutosha kwa miaka 100. Habari za maji huandikwa katika taarifa ambayo mnunuzi hupewa kabla ya kutia sahihi. Mwezi wa Juni, 2023, Gavana Katie Hobbs alitangaza matokeo ya hesabu mpya ya maji ya ardhini katika eneo la Phoenix: katika miaka 100 asilimia 4 ya mahitaji yatakosa maji, yaani mita za ujazo zipatazo bilioni 6. Kutokana na hesabu hiyo, idara ya maji ilisimamisha kutoa vyeti vipya kwa mitaa iliyotaka kutegemea maji ya ardhini peke yake.

Hata hivyo sheria ilikuwa na mlango wa nyuma. Inahusu ardhi iliyogawanywa katika viwanja sita au zaidi. Mwenye kuigawa katika viwanja vitano au pungufu hahitaji uthibitisho wa miaka 100. Aliyenunua mojawapo ya viwanja hivyo anaweza naye kukigawa, na kadhalika. Hivyo ndivyo lilivyokua eneo la Rio Verde Foothills, kando ya mji wa Scottsdale. Nyumba nyingi za huko zilikuwa na visima, lakini mamia ya nyingine zilitegemea maji yaliyoletwa kwa malori kutoka katika bomba la Scottsdale. Mji huo, ukitaja ukame wa Mto Colorado na wajibu wake kwa wakazi wake wenyewe, ulitoa onyo mapema, na tarehe 1 Januari, 2023, ukasimamisha huduma hiyo. Malori yakalazimika kwenda mbali, bei ikapanda sana, na familia zikaanza kula kwa sahani za karatasi ili zisioshe vyombo, na kukinga mvua kwa ajili ya vyoo. Baadaye mwaka huo huo yalifikiwa makubaliano ya muda ya kuwapatia maji.

Tuzingatie funzo la mkasa huu. Kasoro haikuwa ukutani wala paani. Hata kama nyumba hizo zingalikuwa na mabamba ya jua, kuta bora na rangi nyeupe, hali ingalikuwa ile ile siku ya Januari. Uendelevu wa nyumba hauishii katika mipaka ya kiwanja. Swali la kwanza, kabla ya swali la ukuta, ni: maji yanatoka wapi, na ni nani anayewajibika kuyaleta?

Dalali, cheti na kipimo

Haifai kudhani kwamba dalali ni mwongo kwa tabia. Arizona humtaka asome, afanye mtihani na awe na leseni. Lakini malipo yake ni sehemu ya bei ya nyumba, naye hulipwa nyumba inapouzwa. Neno "endelevu" halina kizio, kama mita au kilogramu, na neno lisilo na kizio huvutika kama mpira. Ndiyo maana vimebuniwa vipimo.

Kimojawapo ni kipimo kiitwacho HERS. Mkaguzi aliyefunzwa hupima uvujaji wa hewa, vizuizi vya joto, madirisha na mashine, kisha huipa nyumba namba. Nyumba iliyojengwa kwa kufuata kanuni za mwaka 2006 hupewa 100. Nyumba inayozalisha nishati sawa na inayotumia kwa mwaka hupewa 0. Nyumba ya 60 hutumia nishati pungufu kwa asilimia 40 kuliko ile ya 100. Msomaji aangalie, hata hivyo, kwamba namba hiyo ni ya nishati. Haisemi neno juu ya chanzo cha maji.

Chama cha madalali cha Marekani nacho tangu mwaka 2008 kimekuwa na mafunzo maalumu ya kuwafundisha wanachama kuzieleza nyumba za aina hii. Mwaka 2011 chama cha wathamini kilitoa fomu ya nyongeza ya kuandikia sifa za nishati, ili thamani yake ihesabiwe badala ya kukisiwa. Mwaka 2015 watafiti wa Maabara ya Lawrence Berkeley walichapisha uchunguzi wa mauzo ya nyumba zipatazo 22,000, wakaona kwamba mabamba ya jua yaliyo mali ya mwenye nyumba yaliongeza bei kwa wastani wa dola 15,000 hivi. Maneno "mali ya mwenye nyumba" ni ya maana sana. Mabamba mengi hukodishwa na makampuni kwa mikataba ya miaka mingi, na anayenunua nyumba huurithi mkataba pamoja na malipo yake. Bamba ni lile lile, jua ni lile lile, lakini kwa mmoja ni mali na kwa mwingine ni deni.

Maana ya haya kwetu

Dodoma si jangwa. Hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, ambayo ni mara mbili ya ile ya Tucson. Lakini ni nchi kame, na tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016 viwanja na nyumba zimekuwa bidhaa yenye soko. Hapana shaka neno "endelevu" litatufikia nalo, kama halijafika.

Tuwe waangalifu tusiige bila kufikiri. Dodoma iko katika latitudo ya digrii 6 Kusini. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, digrii 61 kutoka upeo wa macho. Mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini, digrii 73. Kwa hiyo upenu unahitajika pande zote mbili, na kanuni ya dirisha la kusini iliyoandikwa Arizona haitufai. Kwa upande mwingine, tembe la Wagogo, lenye kuta nene na paa la udongo, lilitumia kanuni ile ile ya Casa Grande, nalo lilifaa kwa kuwa usiku wa Dodoma hupoa. Bati tupu lisilo na dari limetuletea wepesi wa kujenga na usafi wa maji ya mvua, lakini limetunyima ubaridi wa mchana.

Juu ya maji, mji wa Dodoma kwa muda mrefu umetegemea visima vya Makutupora. Uchunguzi wa watafiti wa Tanzania na wa ng'ambo uliochapishwa mwaka 2013, wakitumia kumbukumbu za miaka 55, ulionyesha kwamba hazina hiyo haijazwi kila mwaka. Hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Kati ya misimu hiyo maji huchotwa tu. Kwa hiyo nasi, kama watu wa Arizona, tuna sababu ya kuuliza swali la maji kabla ya swali la ukuta.

Jaribio la darasani

Chukueni makopo matatu yaliyo sawa. La kwanza lipakwe rangi nyeupe, la pili masizi, na la tatu likandikwe udongo wa unene wa sentimita tano, uachwe ukauke. Tieni maji ya kiasi kimoja, funikeni, na yawekeni juani kuanzia saa tano asubuhi. Pimeni joto kila baada ya nusu saa hadi saa kumi na mbili jioni, kisha chora grafu tatu juu ya karatasi moja. Jiulizeni: ni kopo lipi lililopata joto haraka? Ni lipi lililochelewa kupoa jioni, na kwa nini?

Kisha jibuni maswali haya juu ya nyumba mnamoishi au shule yenu:

1. Paa lina eneo la mita za mraba ngapi, na linaweza kukinga lita ngapi kwa mwaka kwa mvua ya wilaya yenu?

2. Madirisha makubwa yanaelekea upande gani, na jua la alasiri huingia wapi?

3. Joto la paa huzuiwa na nini kabla ya kufika chumbani?

4. Maji ya bomba au kisima yanatoka wapi, hupandishwa kimo gani, na chanzo chake hujazwa na nini?

5. Kama mvua ingeshindwa kwa misimu mitatu mfululizo, ni nani mwenye wajibu wa kuleta maji?

Mwanafunzi atakayeweza kuyajibu maswali haya kwa namba atakuwa amejipatia kinga dhidi ya tangazo lolote, la Arizona au la nyumbani. Naye dalali mwema hataona haya kuulizwa, kwa kuwa nyumba iliyojengwa vizuri haiogopi kupimwa.